Naomba ushauri: brekipedi za IST nibadilishe na baba nyumbani Marangu, au nimwachie fundi?

Binti wa Majengo:
Wakuu habarini za Jumapili. Naishi Moshi mjini, Majengo, wazazi wako Marangu. Natumia Toyota IST otomatiki, mbele ina diski, nyuma dramu. Kwa muda sasa breki za mbele zinalia. Nikitembea polepole mtaani nasikia mluzi mwembamba, nikikanyaga unakata.

Kilichonitisha ni wikiendi iliyopita. Nimeshuka kutoka Marangu kwenda Himo na mama pamoja na mikungu ya ndizi nyuma. Karibu na kufika Himo pedeli ikawa laini, inazama kuliko kawaida, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikaegesha, tukakaa kama nusu saa, pedeli ikarudi. Mama alidhani nimesimama kununua matunda.

Nimeenda gereji moja mjini. Fundi hakufungua hata tairi, akaniambia nibadilishe pedi, diski, dramu na masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki), vyote. Hela aliyotaja ni ndefu. Nilipomweleza baba kwenye simu akasema, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya asubuhi moja, lete gari nyumbani tuifanye sisi." Baba ni dereva mstaafu wa lori, sanduku la spana analo mpaka leo, ila mgongo unamsumbua na magari haya madogo hajayagusa sana. Mimi nina nguvu, kujifunza nataka, lakini sijawahi kufungua breki.

Naomba mnishauri kwa ukweli. Hii kazi tunaiweza? Na masta silinda ndiyo mbovu kweli? Nawasilisha.

Mlima Hauna Haraka:
Wajuzi watakuja. Ila kwa sasa usipande Marangu na hiyo gari hata ukiitwa kwenye kikao cha ukoo. Panda Hiace.

Spana 14:
Dada pole, na hongera kwa kusimama pale. Wengi pedeli ikilegea wanaendelea kupampu mpaka wafike.

Mimi ni fundi, nipo Pasua, na kazi hii nitakueleza kama ningekuwa namweleza mdogo wangu. Kubadilisha pedi za mbele ni kazi ya mtu mwenye vifaa sahihi na subira. Mnaiweza. Dramu za nyuma ni habari nyingine, zina springi na mpangilio wake, hizo zikaguliwe na fundi mkiwepo.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa masta silinda. Washa injini gari ikiwa imepoa, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani na ushikilie bila kuachia kama dakika moja. Pedeli ikizama taratibu mpaka chini na hakuna sehemu inayovuja, masta silinda inapitisha kwa ndani. Ikibaki ngumu pale pale, mtu asikuuzie masta silinda. Kilichokupata mteremkoni ni joto. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango kinachodaiwa ni 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika, ndiyo maana mguu ukazama. Ulipopoza gari mvuke ukarudi kuwa kimiminika, pedeli ikapanda. Na pedi zikiwa nyembamba joto la diski hufika haraka kwenye pistoni inayosukuma pedi, na kwenye mafuta. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili, pedi mpya na mafuta mapya. Huo mluzi kwa kawaida ni kibati kidogo kilichowekwa kwenye pedi makusudi, kinagusa diski pedi ikikaribia kuisha. Gari inakuita.

Kazi yenyewe. Legeza nati za tairi kidogo gari ikiwa bado chini. Handbreki juu, gia kwenye P, weka mawe au vipande vya mbao nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Inua kwa jeki, kisha iegemeze kwenye jeki stendi. Sisitizo hapa: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kama huna stendi azima, na ukikosa kabisa acha kazi siku hiyo. Tofali za bloku usiziamini, hupasuka ghafla. Tairi ukishaitoa ilaze chini ya ubavu wa gari.

Kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ina boliti mbili nyuma, kwa gari yako mara nyingi ni spana namba 14. Toa ya chini, inua kalipa juu kama mfuniko, pedi zitatoka. Ukilazimika kuitoa yote ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Fanya upande mmoja umalize ndipo uende wa pili, ili ukisahau mpangilio ukaangalie upande mwingine. Pistoni irudishe ndani taratibu kwa klampu, ukiwa umeweka pedi ya zamani katikati ili nguvu igawanyike sawa. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki na uangalie. Ikiwa imejaa, punguza kwa bomba la sindano, maana pistoni ikirudi mafuta hupanda, na yakimwagikia rangi ya gari yanaila.

Pini mbili ambazo kalipa inatelezea zitoe, zifute, upake grisi maalum ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira. Pini ziteleze kwa mkono.

Diski: ukingoni au kwenye kofia yake pameandikwa unene wa mwisho. Pima. Kama bado nene na haina mitaro mirefu wala haitetemeshi usukani ukifunga breki, haina haja ya kubadilishwa.

Ukimaliza, KABLA ya kuwasha na kuondoka, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Pistoni umezisukuma ndani, mguu wa kwanza utakwenda mpaka chini bila kushika kitu.

Kijana wa Kiboriloni:
Fundi kaandika mengi, ila mimi pedi zikilia nazipiga msasa na kupaka grisi kidogo usoni, kelele inaisha. Na badilisha ule upande unaolia tu, mwingine ukiisha utabadilisha.

Spana 14:
Mdogo wangu, tafadhali futa hilo watu wasije wakafuata. Uso wa pedi haupakwi kitu chochote, wala vidole vyenye mafuta visiuguse. Grisi ikigusa diski breki hazishiki kabisa. Na pedi hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, la sivyo ukifunga breki kwa ghafla gari itakuvuta upande mmoja. Kwenye kona za Marangu unajua upande mmoja kuna nini.

Mama Wawili, Sakina:
Binti, mimi nipo Arusha, na pedi za gari yangu nilibadilisha na mjomba wangu, kwa hiyo naomba uniamini kwenye hili ambalo wanaume hawajaligusa. Ua wa kwenu Marangu ukoje? Kwa ninavyoijua migomba ya huko, nyumba imekaa kwenye ubavu wa mlima na ardhi ni laini. Jeki inazama, gari inalala upande, na mzee mwenye mgongo mbovu yuko karibu. Hata mkiweka ubao mnene chini ya jeki, mteremko unabaki pale pale.

La pili ndilo kubwa zaidi. Mkimaliza kazi Marangu, safari yako ya kwanza na pedi ambazo bado hazijakaa sawa na diski ni kuteremka kwenda Himo. Ni kama kumpa mtoto aliyeanza kutembea jana beseni la maji abebe kichwani. Na kuifikisha huko kwanza lazima upande nayo ikiwa mbovu, halafu kazi ikigoma katikati umekwama na gari isiyo na breki mlimani.

Fanyeni kazi mjini, kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Baba ndiye ashuke.

Binti wa Majengo:
Mama Wawili, hilo sikuliwaza kabisa. Ua wa nyumbani kweli ni mteremko. Huku Majengo mwenye nyumba ana sehemu ya zege mbele ya geti, nitamwomba.

Ila kumwambia baba ashuke naona ugumu. Alishaanza kupanga, kaniambia amesafisha spana zote. Nisingependa aone namkatalia nyumbani kwake. Jaribio la masta silinda nimefanya, pedeli imebaki ngumu, haikushuka.

Mzee wa Himo:
Shikamoo sitaisubiri, marahaba mwanangu. Mimi pia nimeendesha malori, njia ya Holili na njia ya Tanga, kwa hiyo baba yako namwelewa bila kumjua.

Usimwambie ua wake haufai. Mwambie kuna sakafu ya zege mjini na unaomba aje akusimamie, kwa sababu mikono unayo ila macho yake huna. Dereva wa lori haamini breki aliyofungiwa na mtu mwingine akiwa hayupo, kwa hiyo atashuka. Mwekee kiti chenye egemeo pembeni ya tairi, awe anakagua kila hatua kabla hujaendelea. Aje na sanduku lake la spana na alitumie. Hilo lisikose.

Jambo jingine, na usinichukie. Pedi mpya hazitakusaidia ukiendelea kuteremka Marangu ukiwa kwenye D na mguu juu ya breki njia nzima. Otomatiki ina gia za chini, 2 na L. Kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado mwendo mdogo, vuta kwenye 2, acha injini ishikilie gari. Breki ikanyage kwa uthabiti upunguze mwendo, kisha uachie kabisa ipumue, halafu tena. Usiigandie. Sisi na mzigo tulikuwa na kanuni ya kuteremkia gia ileile ambayo ungepandia. Muulize baba, atakueleza kuliko mimi.

Binti wa Majengo:
Marahaba nimeipokea, shikamoo mzee wangu. Nimempigia kwa maneno hayo hayo. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza sakafu hiyo ina kivuli. Anakuja Jumamosi na Hiace ya asubuhi.

Swali kwa Spana 14: baba anasema lazima tutoe upepo kwenye breki. Ni lazima?

Spana 14:
Kwa pedi peke yake hapana. Kama hamjafungua mpira wala paipu, hakuna upepo ulioingia. Lakini mafuta yako yamechemka, kwa hiyo yabadilishwe, na kuyabadilisha ni kazi ile ile ya kutoa upepo. Kwa hiyo mzee yuko sahihi, na ni kazi ya watu wawili inayomfaa. Yeye akae kwenye usukani. Wewe chomeka mpira mwembamba kwenye kinati cha kutolea upepo, mwisho wake uwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Anakanyaga na kushikilia, unafungua, mafuta yanatoka, unafunga, NDIPO anaachia. Akiachia kabla hujafunga, hewa inaingia. Anzeni gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani nyuma kushoto, mmalizie mbele kulia. Chupa ya juu isikauke hata mara moja. Angalia kwenye kifuniko chake pameandikwa DOT ngapi. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika, DOT 5 usiiguse, ni jamii nyingine kabisa. Nunua chupa ambayo bado ina muhuri.

Na vumbi jeusi la breki msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lowanisha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa. Pedi za zamani sana zilikuwa na asbesto, huwezi kujua iliyofungwa humo ni ipi. Petroli usioshee, inaharibu mipira.

Binti wa Majengo:
Mrejesho. Tumefanya jana. Stendi nimeazima kwa jirani mwenye Noah. Kulia hakukuwa na shida, pedi zote mbili zimeisha sawa. Kushoto pedi ya ndani imebaki kama karatasi, ya nje bado ina nyama. Baba ndiye aliyeliona, nilikuwa tayari naweka mpya. Kaniambia simama, shika hiyo pini. Haikuwa inatembea, imeshika kutu. Tumeitoa kwa taabu, tumesafisha kwa msasa laini, tumepaka grisi, sasa inateleza. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Diski zimezidi unene ulioandikwa, tumeziacha. Pedeli sasa iko juu na ngumu.

Nati baba kazikaza mwenyewe, kwa msalaba, akakataa nimsaidie.

Nisaidieni la mwisho: hiyo pini iliyosafishwa inatosha au ninunue? Na naweza kumrudisha baba Marangu leo jioni?

Spana 14:
Mzee huyo apewe soda. Pedi ya ndani kuisha peke yake ni dalili ya pini au pistoni iliyokwama, na wengi hubadilisha pedi bila kuuliza kwa nini. Pini yenye vishimo vya kutu nunua mpya pamoja na mipira yake, si ghali. Ukishatembea kidogo, sogeza mkono karibu na rimu zote mbili bila kugusa. Kushoto kukiwa na joto kali kuliko kulia, bado kuna kinachoshika.

Marangu leo hapana. Kesho alfajiri nenda barabara ya TPC, ni tambarare, ila angalia wapanda baiskeli. Anza kwa mwendo wa mtu anayetembea, hakikisha gari inasimama na haivuti upande. Kisha fika 50, punguza kwa breki ya wastani hadi kama 10 bila kusimama kabisa, achia, tembea kidogo zipoe, rudia mara nane au kumi hivi. Harufu kidogo mwanzoni ni kawaida. Ukirudi angalia kama kuna unyevu kwenye vinati vyote vinne, na kiwango cha mafuta kwenye chupa.

Baada ya hapo mpeleke mzee nyumbani, na ushuke kwenye 2. Nati za tairi zikazwe tena ukishatembea kilomita 50 mpaka 100. Ukipata spana ya kupimia nguvu ya kukaza, Toyota wanataka 103 Nm.

Mzee wa Himo:
Dramu za nyuma bado hazijafunguliwa. Mwanangu, zikaguliwe kabla ya kupakia ndizi tena.

Binti wa Majengo:
Nimeshaongea na Spana 14 pembeni, Jumatano napeleka gari Pasua, na baba kasema atabaki mjini mpaka siku hiyo awepo.