Kamera ndogo za mtumba Kariakoo: "si unaona inawaka?" ndiyo nini sasa?

Wakuu, huu mchezo umezidi. Kamera za 2003 mpaka 2010 zilizokuwa zinaozea kwenye maboksi sasa zimepanda bei kwa sababu vijana wanapenda rangi za picha zake, na ushahidi pekee wa muuzaji ni kwamba kioo kinawaka. Kuwaka siyo kupiga picha!

Tuanze na kadi ya kumbukumbu (ile ya kuhifadhia picha), maana hapa ndipo watu wanalizwa. Kamera nyingi za kabla ya 2006 zinasoma SD ya kawaida tu, mwisho GB 2. Muuzaji anakupachikia ya GB 32, kamera inagoma, anakwambia "nenda kaifomati." Fomati mpaka kesho, haitasoma: GB 32 ni SDHC, mfumo mwingine kabisa. Olympus na Fujifilm nyingi za kipindi hicho zinatumia kadi aina ya xD, Sony wana yao, Memory Stick. Ukiambiwa kadi zimejaa kila duka, mwambie akuletee moja hapohapo kabla hujatoa hela.

Betri nayo. NB-4L halisi, betri ya baadhi ya kamera za Canon, ni mAh 760 (kipimo cha chaji inayobeba). Ukikuta umbo lilelile limeandikwa 1800, umeuziwa stika. Betri iliyochoka huwasha kioo vizuri tu, ila flashi ikianza kujichaji, kamera inazima. Kwa hiyo piga picha kumi mfululizo na flashi, hapo dukani. Zile za AA msitie betri za redio, picha chache tu zimekwisha; tafuteni za kuchaji za NiMH, mAh 2000 kwenda juu.

Washa na uzime mara tano, vuta zumu mpaka mwisho. Lenzi ikikwaruza, mara nyingi ni mchanga kwenye gia (Coco Beach hiyo), na fundi atataka kuifumua yote. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: nyuzi kama za buibui ni kuvu, joto letu na unyevu wa bahari vinailea. Piga picha ya karatasi nyeupe uone kama ina madoa.

Halafu baadhi ya Sony zilizouzwa Japani zina menyu ya Kijapani tupu, haibadiliki. Muuzaji anajua, ananyamaza!

Mwenye kujua mtaa wa kupata SD za GB 2 zisizo feki hapa Dar, autaje.