Serikali inatupa semina na cheti, halafu?

mchoraji_wa_usiku:
Wakuu habari zenu. Nimemaliza semina ya serikali ya katuni na filamu, siku tano tumekodolea projekta mpaka macho yanauma, kamera ilikuwepo moja tu mezani kila mtu kaishika kama dakika mbili hivi, siku ya mwisho vyeti na picha ya pamoja. Hivi hii hela ingewekwa wapi ndo tungeona mabadiliko? Vifaa? Mikopo? Au mimi ndo sina shukrani 😅

FimboYaMaiki:
Huna kosa mkuu. Mimi mtu wa sauti, ya darasani nimeshasahau karibu yote, kilichonifundisha ni kusimama seti nimeshika ile fimbo ya maiki juu ya vichwa vya waigizaji, mkono unatetemeka, kivuli kikiingia kwenye fremu unasikia "katiii" na seti nzima inakugeukia. Hiyo husahau. Serikali ivute kazi za filamu zije hapa, ujuzi utakuja wenyewe.

mama_uhariri:
Hapo nakataa, hauji wenyewe. Ukiwapa maprodyuza nafuu ya kodi bila masharti wanakuja na watu wao mpaka wa kubeba nyaya. Ayalandi filamu kwa kawaida inarudishiwa kupitia kodi hadi asilimia 32 ya gharama zinazokubalika, ila mradi mkubwa lazima ulete mpango wa kufundisha watu humohumo kwenye shughuli. Hapo ndo pa kubana.

FimboYaMaiki:
Sawa dada, nimekuelewa. Na hela itoke wapi, maana bajeti ikibana sanaa ndo ya kwanza kukatwa

mama_uhariri:
Wafaransa wana CNC, kituo chao cha taifa cha filamu, tangu 1946. Kila tiketi ya sinema inakatwa asilimia 10 na ushee inaingia kwenye mfuko wa filamu, hata ukienda kuangalia ya Marekani unachangia za kwao. Ujanja mtupu, nawapenda kwa hilo.

mchoraji_wa_usiku:
Ya tiketi nimeipenda. Ila sisi wa kuchora peke yetu chumbani, hatuna seti wala tiketi?

kalamu_butu:
Ayalandi haohao, 2022 walianza majaribio, wasanii 2,000 walikuwa wanalipwa euro 325 kwa wiki, mpango wa miaka mitatu, muziki, uchoraji, uandishi, chochote. Waliokidhi vigezo walikuwa wengi kuliko nafasi ikabidi wapige kura ya bahati, hakuna cha kujuana.

mchoraji_wa_usiku:
Kila wiki?? Halafu nachora tu? Usinitie wivu mkuu, mwenzio hata cheti chenyewe jina wamekosea.