Shimba Hills, Kasigau ama Taita: tupande wapi kutoka Mombasa mvua ikikatika?

BintiKisauni
Assalam alaykum, habari zenu nyote. Naomba ushauri kwa wale washaenda wenyewe, sio wa kusikia. Tuko watu tisa, ndugu na binamu, na mamangu pia ashasema haachwi, ana miaka 58 lakini miguu anayo, kila Jumamosi aenda Kongowea kwa miguu na kurudi na kikapu. Mdogo kabisa ni mtoto wa dadangu miaka 11. Twataka kwenda kutembea msituni mlimani, sio kukaa ndani ya gari kutazama wanyama, twataka kutembea hasa mpaka jasho litoke. Nimeambiwa Shimba Hills, ile hifadhi ya Kwale, nimeambiwa mlima Kasigau, mwengine akanambia niende Wundanyi kabisa, kule milima ya Taita. Shida ni mvua, masika ndo inaishia ishia na sitaki tufike huko njia iwe matope matupu mama ateleze. Mwaka jana tulikwenda na kundi moja la safari za wikendi, tukalipa wote, tukaanza kupanda saa sita mchana jua la utosi na mwenye kutuongoza hakua na hata tone la maji ya akiba, binamu yangu akaanguka kizunguzungu njiani. Sirudii tena hio. Ndio maana safari hii nauliza mapema.

KwaleKwetu
Waalaykum salam dadangu. Mie ni mtu wa Kwale na maporomoko ya Sheldrick, yale ya ndani ya hifadhi ya Shimba, nshateremka mara nyingi sihesabu, kwa hivo Shimba ntakwambia vile ilivyo.

Kwanza umbali, ni kama kilomita 33 tu kutoka mjini, wavuka feri, washika matwana ya Kwale pale Likoni, yapita Ng'ombeni, Kombani yakata kulia yaanza kupanda, na ukifika Kwale mjini tu wahisi hewa imebadilika, asubuhi kuna ukungu na baridi kidogo mpaka watu wa Mombasa hushangaa. Mkiwa na gari yenu siku hizi piteni barabara ya Dongo Kundu mtokee Ng'ombeni, foleni ya feri hamuioni. Lakini sikilizeni, lango la hifadhi si mahali pa kuingia kwa miguu mkajitembeza, ndani kuna ndovu. 2005 KWS, shirika la wanyamapori, iliwahamisha ndovu kama 150 kutoka Shimba kuwapeleka Tsavo Mashariki manake walikua wamezidi na mashamba ya watu yaliliwa, na bado waliobaki ni wengi. Kwa hivo lazma gari ya kuwafikisha pale njia inapoanza, kisha mwapewa askari wa KWS mwenye bunduki awatangulie. Malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa serikali, pesa taslimu hawapokei langoni, lipeni nyumbani kabla hamjatoka.

Njia yenyewe ni kama kilomita mbili kushuka. Hapo ndipo watu hukosea hesabu. Kushuka ni raha, waimba, wapiga picha, wafika chini kwenye maporomoko, maji yaanguka mita 21, kuna kidimbwi waingia kabisa waoga, maji baridi si ya bahari. Kisha warudi. Na kurudi ni kupanda moja kwa moja, jua lishatoka, nguo zimelowa, na ushashiba. Nimeona vijana wa mazoezi wakikaa chini nusu ya njia. Mamako ataweza, mwanamke anaebeba kikapu kutoka Kongowea hawezi kushindwa, ila mpe muda na msimharakishe.

Kuhusu matope, juu kwenye nyasi udongo ni wa mchanga, mvua ikikatika siku mbili washakauka. Chini kwenye miti ndio kwateleza, mizizi imetokeza na majani yameoza juu yake, hapo ndo pa kushikana mikono.

pwani_miguu
Mwenye mada, kama ni jasho wataka basi nenda Kasigau. Shimba ni matembezi, Kasigau ni mlima.

Kilele kiko mita 1,641 na vijiji viko chini kabisa kwenye tambarare ya Taru, kwa hivo wapanda karibu mita elfu moja kwa siku moja, hakuna pa kupumzikia pa bapa. Sisi tulianzia Bungule saa kumi na mbili asubuhi na tukafika juu saa nne kasoro, na tulikua watu wa mbio wote. Uzuri wake ni kwamba waanza kwenye miba na jua kali la nyika, mibuyu na michongoma, kisha ghafla unaingia msituni, miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, kila kitu kinadondoka maji hata kama hakujanyesha. Ule ukungu watoka huku kwetu baharini, upepo waubeba mpaka ugonge mlima, na maji yanayotiririka kutoka juu ndio yanafika kwenye mabomba ya vijiji vya chini. Nilisimama pale nikamwambia mwenzangu hii ni jasho ya Bahari ya Hindi.

Lakini kwa mama na mtoto wa miaka 11 wakati huu wa mvua? Hapana. Ule mwamba ukilowa wateleza kama sabuni na kushuka ndio kubaya kuliko kupanda, magoti yatawaka moto. Ngojeni mwezi wa nane ama wa tisa.

Mtaita_wa_Werugha
pwani_miguu umesema vizuri juu ya Kasigau lakini umesahau watu wake. Wakati wa Vita vya Kwanza, 1915, Wajerumani waliukamata ule mlima, kisha Waingereza wakawatuhumu Wakasigau kuwa waliwasaidia, wakawahamisha kijiji kizima kizima mpaka Malindi, na wengi walikufa huko kwa maradhi na joto wasilolizoea. Mtu akipanda pale ajue anakanyaga wapi. Na ndio maana nawaambia watu kila siku, chukueni muongozaji wa kijijini, mlale kwenye banda za jamii za pale pale, Bungule ama Rukanga, hela ibaki kwa wenye mlima.

Sasa dada wa Kisauni. Mimi ningekushauri uje kwetu juu. Najua utasema mbali lakini nisikilize kwanza. Wapanda treni ya asubuhi pale Miritini, ile inayosimama vituoni sio ile ya moja kwa moja, washuka Voi, washika matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, ile barabara ya kona kona kutoka Mwatate peke yake mtoto hataisahau. Mwalala Wundanyi. Asubuhi mwaenda msitu wa Ngangao. Ni mdogo, hekta kama 120 tu, lakini ni msitu wa zamani hasa, miti mikubwa mpaka shingo iume, na kuna ndege ambao hawako mahali pengine popote duniani isipokua kwenye vipande vya msitu wa milima hii yetu ya Taita. Kuna mmoja, kwa Kiingereza Taita thrush, mgongo na kifua cheusi, ubavu mwekundu wa kutu, mdomo wa rangi ya chungwa, hupekua pekua majani chini, ukinyamaza dakika kumi utamuona. Watoto wetu hawamjui huyu ndege na yuko nyuma ya nyumba zao. Inaniuma.

Na njia ya Ngangao haina presha, ni kupanda na kushuka kidogo kidogo kivulini, mama atatembea mchana kutwa. Hakuna ndovu, hakuna nyati. Kama bado mna nguvu siku ya pili mwaenda Vuria, mita 2,208, ndio kilele kirefu kuliko vyote kwetu, gari ama boda yafika karibu na milingoti ya mawasiliano mkamalizia kwa miguu, na asubuhi ikiwa safi mwauona Kilimanjaro.

BintiKisauni
Mtaita umenigusa na hio ya 1915, sikuijua kabisa na babangu mzazi ni mtu wa Malindi. Ntamuuliza kama waliwahi kusikia habari za hao watu.

Swali, huko juu matope yakoje sasa hivi? Na baridi?

Mtaita_wa_Werugha
Nisikudanganye. Kwetu udongo ni mwekundu mzito na ukilowa unashika kiatu mpaka mguu unakua na kilo mbili zaidi, na wateleza kwelikweli. Msituni haukauki haraka manake jua haliingii. Baridi ipo, mwezi wa sita na wa saba ni masweta mchana kutwa na ukungu unaweza ukakaa mpaka saa tano, siku kama hio Vuria hutaona hata mkono wako. Kwa hivo kama ni sasa hivi na ni siku moja tu, niseme ukweli hata kama naipenda milima ya kwetu, nenda Shimba. Njoo kwetu baada ya mvua, Septemba au Januari na Februari, na uje siku tatu.

mamaZuu
Kuna mtu ametaja mavazi? Manake sisi kina mama ndio huteseka. Mie nlikwenda Shimba na dera refu na raba za kawaida zilizoisha soli, dera likawa lanasa kwenye miiba kila hatua mpaka nikalifunga kiunoni. Mwambie mamako avae suruali nyepesi ndani na dera fupi juu ama kanzu ya kike ya mapajani, mtandio wa pamba usioteleza, na viatu vya soli yenye meno. Soksi ndefu pia, suruali iingie ndani ya soksi, kuna kupe kwenye nyasi na siafu kwenye miti. Kila mtu lita mbili za maji, mtoto moja na nusu. Tende na karanga, mahamri yaacheni ndani ya gari yawangoje, mkila mkashiba kule chini hamtapanda.

Na sala. Sisi tulitoka asubuhi sana tukawa tushapanda juu kabla adhuhuri, tukaenda kusali msikitini Kwale mjini bila ya haraka. Pangeni hivo hivo.

kinondo_boy
Na kwa wale hawawezi kupanda kabisa msisahau kaya, yale misitu mitakatifu ya wazee. Kaya Kinondo iko Diani, ni bapa, ni mojawapo ya kaya takatifu za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2008. Wazee wa Kidigo wenyewe ndio wenye kuongoza, wafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla hujaingia, na hutoki na kitu, hata jani lililoanguka. Nlimpeleka nyanyangu pale akiwa na miaka 70 na kitu. Saa moja hivi mwamaliza, na mizizi ile imekumbatia matumbawe ni kitu cha kuona. Sio jasho, lakini ni msitu hasa.

pwani_miguu
Nakubali kaya ni muhimu ila yeye ameomba mlima. Na Arabuko-Sokoke kabla mtu hajaitaja, nzuri sana, msitu mkubwa, lakini ni tambarare na ni kilomita mia na kitu kwenda upande wa Malindi.

KwaleKwetu nikuulize, palahala, wale swala wakubwa, bado mnawaona ovyo? Mara ya mwisho nliambulia mmoja tu kwa mbali.

KwaleKwetu
Wapo, asubuhi na mapema kwenye nyasi, na kumbuka Kenya nzima palahala wa porini wako Shimba tu, kwa hivo ukimuona hata mmoja ushukuru. Dume ni mweusi ti, pembe zimepinda nyuma kama majambia. Wakati wa joto huingia vichakani hutawaona. Na mkiwa na nafasi mpite Giriama Point, wasimama pale waona mteremko wote mpaka baharini, mtoto umwambie mjini kwetu ni kule. Mwambie pia na Marere, zile chemchemi za huku kwetu, Mombasa yanywa maji yake tangu zamani. Msitu huu ukiisha mifereji yenu itajua.

Kwa hivo dada nikupe mpango. Tokeni nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Muwe langoni saa moja na nusu. Saa tatu muwe mshaanza kushuka, saa nne na nusu muanze kurudi hata kama watoto wanalia wanataka kuoga tena. Askari akisema nyamazeni mnyamaze hapo hapo, ameona ama amesikia kitu. Mama atembee nyuma ya askari, sio mwisho wa mstari, mwendo wote uwe wa mama. Na mkiamka mukute kumenyesha usiku kucha, ahirisheni, msione haya, maporomoko hayaendi popote.

BintiKisauni
Shukran sana wote, Mungu awalipe. Basi ni Shimba, Jumapili ya wiki ijayo, tumepata nisani ya mtu wa mtaani kwetu na tutapita Dongo Kundu. Taita tumeandika mwezi wa kwanza, siku tatu, na mamangu nilipomsomea habari ya yule ndege wa ubavu mwekundu amesema huko atakwenda hata kwa fimbo. Kasigau tutakwenda sisi vijana, na tutalala Bungule.

Swali la mwisho, kule kwenye kidimbwi kuna mahali pa mwanamke kubadilisha nguo?

mamaZuu
Hakuna kitu, ni mawe na miti. Bebeni kanga nne, wawili washike mmoja abadili. Na ya tano ya kumfunika mtoto akitoka majini, yale maji ni baridi sana.