Mrejesho: ule upele chini ya kitovu

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa pili niliomba ushauri kuhusu upele unaowasha chini ya kitovu, unaokuja na kupotea. Mlinishauri nibadili sabuni, niache dagaa na mayai. Nilifanya yote kwa wiki 6, nafuu sikuiona.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi. Hakuanza na chakula, aliniuliza navaa nini kazini. Jinzi. Akageuza kifungo chake kwa ndani: rangi imebanduka, chuma kinang'aa, na upele umekaa palepale kinapogusa. Akanibandika vipimo vya mzio (aleji) mgongoni, nikakaa navyo saa 48 bila kulowesha mgongo, na joto hili la Dar es Salaam! Vilipobanduliwa, sehemu ya nikeli, madini yanayowekwa kwenye vifungo vingi vya chuma, ilikuwa imevimba, nyekundu kabisa.

Kumbe jasho huitoa nikeli kwenye chuma ikaingia kwenye ngozi, ndiyo maana siku za kusimama kwenye daladala mchana niliteseka zaidi. Na upele huchelewa siku moja au mbili, kwa hiyo nilikuwa nalaumu chakula cha jana yake.

Sasa nimeshonea kitambaa nyuma ya kifungo, mkanda nimebadili, hereni za bei rahisi nimeacha. Wiki ya tatu hii siwashwi, umebaki weusi kidogo tu. Nawaomba sana, zile krimu za mchanganyiko za duka la dawa msipake bila kupimwa, mimi zilinichubua.

Dada uliyesema niangalie vinavyonigusa, si ninavyokula tu, asante sana. Ulipatia.