Peter Luger, Brooklyn: tuagizeje?

Wakuu, tunakwenda Peter Luger, ile stekihausi (mkahawa wa steki) ya New York ya tangu 1887. Tuko wanne, mmoja hali nguruwe, mwingine hataki nyama yenye wekundu. Tuagize nini?

— Mkuu, agizeni "steki ya watu watatu", si ya wanne. Viazi na mchicha wa krimu vitajaza pengo. Ni poterhausi, yaani kipande chenye mfupa katikati: fileti (nyama laini) upande mmoja wa mfupa, saloini upande wa pili. Inakuja imeshakatwa, sahani imeinamishwa ili siagi na mafuta vikusanyike chini. Mwagieni nyama hayo mafuta. Sosi ya mkahawa wenyewe ni tamu mno, iacheni kwa nyanya na vitunguu.

— Kuhusu wekundu: msiagize iive kabisa kwa ajili ya mtu mmoja, fileti itakauka. Agizeni iive kiasi, yeye agandamize vipande vyake kwenye ukingo wa sahani. Sahani ni ya moto sana, kwa hiyo vipande viguse kidogo tu. Bei iko juu kwa sababu nyama hukaushwa wiki kadhaa kwenye chumba cha baridi: maji yanapungua, na ganda la nje linakatwa na kutupwa.

— Asiyekula nguruwe aruke bekoni. Na nyama si halali, kama hilo nalo linamhusu. Bebeni pesa taslimu, maana kihistoria hawakuwa wakipokea kadi za mkopo. Ulizeni mnapoweka nafasi. Bahashishi asilimia 18 hadi 20. Treni: pandeni ya njia ya J, M au Z, shukeni kituo cha Marcy Avenue.