Mwanangu amenilipia chumba kwenye baa, Uingereza. Nikalale?

MwalimuWaKiwira
Mugonile, wanajamvi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Kiwira. Kitinda mimba wangu anamaliza masomo Oxford mwezi wa saba, ametukatia tiketi mimi na binti wa kaka yangu. Mpaka hapo namshukuru Mungu. Jana kanitumia picha za mahali tutakapolala usiku mmoja, kijijini, upande wanaouita Cotswolds. Nyumba ya mawe, maua madirishani, kitanda kama cha bibi harusi. Nikaikuza ile picha ya chini. Naona kaunta, chupa na mabomba ya bia! Nikampigia. "Mama, hiyo ni pabu, ina vyumba juu, ni pazuri mno." Inaitwa Royal Oak.

Pabu si baa? Mimi ni mzee wa kanisa, Moravian. Na gesti yenye baa hapa kwetu tunaijua: muziki mpaka alfajiri, na usiku mtu anakugongea mlango kwa kukosea, au si kwa kukosea. Nisafiri mbali kote huko nikalale juu ya walevi? Aliyewahi kulala pabu anieleze kweli tupu, asinipambie.

KijanaWaSoweto
Shikamoo mwalimu. Mtoto kakuheshimu, wewe unaleta uzee wa kanisa. Ukifika agiza pombe yetu ya kimpumu, hahaha.

Kamwene_Mafinga
Shikamoo mwalimu. Huyo wa Soweto mwache na utoto wake.

Mimi ni mtu wa mbao, Mafinga. Mwaka 2018 tulipelekwa kujifunza mashine za kupasulia magogo, na mwenyeji wetu akatulaza siku mbili kwenye pabu ya kijiji, Gloucestershire, huko huko Cotswolds. Nilikuwa na wasiwasi kama wako, ingawa mimi bia nakunywa.

Pabu usiipime kwa baa ya stendi. Ipime kwa kilabu cha ulanzi cha zamani, cha wazee, ambapo mtu anakaa na kikombe kimoja saa nzima akiongea habari za mvua na misiba. Niliwakuta wazee wawili na mbwa. Mbwa kalala mbele ya moto, katikati ya njia, na kila mtu anamruka. Hakuna aliyemfukuza. Muziki haukuwepo kabisa. Saa tano kasoro usiku mwenye nyumba akagonga kengele, maana yake anayetaka cha mwisho aagize sasa. Saa tano na nusu nasikia bundi tu.

Mapokezi usitafute. Anayemimina bia ndiye anayekupa ufunguo. Na hapa niliumbuka: nilikaa mezani nikisubiri mhudumu, dakika arobaini, najiambia hawa wananibagua. Kumbe chakula unaagizia kaunta, unataja namba ya meza, unalipa, ndipo wanakuletea. Nenda kaunta bila woga, omba chai au juisi, hakuna atakayekushangaa. Watoto na bibi zao wanakula humo humo.

Chumba sasa. Mlango mfupi, boriti ya mwaloni imenigonga paji la uso mara mbili, na mimi si mrefu. Kama mtu wa mbao niliipapasa: imechongwa kwa shoka, alama zinaonekana, na bado ngumu kama chuma. Sakafu imeinama, ukidondosha kalamu inaondoka yenyewe. Lakini kuta zimepakwa kijani kizito, blanketi la sufu, birika la umeme, biskuti kwenye mtungi wa kioo. Na bafu, mwalimu, hodhi lile refu la kuogea, limewekwa chumbani kabisa, karibu na dirisha, kama kabati. Huo ndio umaridadi wao. Nilioga nikitazama kondoo.

Risiti niliiona: paundi 140 kwa usiku, karibu nusu milioni ya kwetu. Mwenye pabu alituambia bila kuficha kwamba bia peke yake isingemlisha. Watu wananunua bia za bei chee dukani wanakunywea kwao, na tangu 2007 sheria imekataza kuvuta sigara ndani. Pabu nyingi zimefungwa. Yeye akaongeza jiko zuri na vyumba, ndiyo maana bado anapumua. Kwa hiyo mwanao hakukutafutia baa, amekutafutia mahali pa kula na kulala ambapo bia nayo ipo.

Na hilo jina: ni mti wa mwaloni ambamo mfalme Charles wa Pili alijificha mwaka 1651 baada ya kupigwa vita Worcester. Pabu zenye jina hilo ni nyingi, usipande teksi ukasema "Royal Oak" tu. Sema na kijiji.

DadaNesi_Uyole
Shikamoo mama. Mimi ni wa Uyole, nafanya kazi Uingereza mwaka wa tisa. Kaka wa Mafinga kasema vizuri ila alilala siku za kazi. Ijumaa na Jumamosi kelele zipo, si za kugongewa mlango, ni vicheko vya bustanini, na mwezi wa saba jua linazama saa tatu usiku kwa hiyo watu hawaondoki. Mwambie mdogo wangu aombe chumba cha nyuma, kisicho juu ya kaunta.

Aulize na ngazi. Nyumba zile za zamani hazina lifti, ngazi nyembamba na zimesimama wima. Magoti yako mama.

Jiko wanafunga mchana, na usiku saa tatu mpishi ameshavua aproni. Mkifika saa tatu na nusu mtalala na zile biskuti. Asubuhi watawaletea sahani ya mayai, soseji, uyoga, maharage ya nyanya, na kipande cheusi cha duara. Hicho ni damu ya nguruwe na nafaka. Kama huli, sema mapema, hawakasiriki.

Chaja usinunue adapta, soketi zao ni hizi hizi zetu za pini tatu bapa.

KijanaWaSoweto
Baridi je? Au mtu wa Kiwira ataiona ya kitoto?

DadaNesi_Uyole
Mwezi wa saba? Sweta moja. Wa Makete angevaa kaptula.

MwalimuWaKiwira
Ndaga fijo, wanangu. Swali la aibu kidogo: hilo bafu la chumbani lina pazia? Nalala na binti wa miaka ishirini.

Kamwene_Mafinga
Halina, mwalimu. Beba kanga mbili na vibanio vya kuanikia nguo.

MwalimuWaKiwira
Nimempigia. Wamebadilisha: chumba cha chini, nyuma, bafu lina mlango wake. Anauliza nani kanifundisha kuuliza mambo ya ngazi na kaunta. Kanga nabeba hata hivyo, na majani ya chai ya Tukuyu nusu kilo. Ile yao ya vifuko siiamini.