Mama ana miaka 72: tumpeleke kwa meli ya kitalii ya zamani au hizi mpya kubwa?

Mwana_Tanga

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa Novemba, Mungu akijalia, na atakaa nasi hapa Maryland karibu miezi sita. Mimi na mume wangu tumenuia kumtembeza baharini wakati wa likizo ya Desemba pamoja na watoto wetu, mmoja wa miaka 9 na mwingine 13. Tumebaki na meli mbili za kuchagua. Ya kwanza ni Vision of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 1998, ambayo imekuwa ikitoka Baltimore, karibu kabisa na kwetu. Ya pili ni Icon of the Seas ya mwaka 2024, ambayo itatulazimu kukata tiketi tano za ndege hadi Miami.

Watoto wanaitaka ya pili kwa sababu ya mabwawa na miteremko ya maji. Mimi nauangalia mfuko, lakini zaidi ya mfuko namwangalia mama. Magoti yanamsumbua, na tangu feri ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi mwezi Septemba 2011 hajapanda tena boti ya kwenda Pemba. Akisikia tu kwamba meli ni ya zamani, anauliza kama bado inafaa kubeba watu. Naomba ushauri wa waliosafiri au kufanya kazi katika meli za aina zote mbili.

Baharia_wa_Likoni

Waaleikum salaam dada, na mama umpe shikamoo yangu. Nilifanya kazi ya usafi wa vyumba melini kwa miaka tisa, nusu yake katika meli ya miaka ya tisini na nusu katika meli mpya kubwa ya kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Kwanza, Vision si meli ndogo. Mwaka 1988 Sovereign of the Seas, yenye tani 73,000 na ushei, ilipoingia kazini ilikuwa kubwa kuliko meli zote za abiria zilizokuwa zikisafiri wakati huo. Vision ina tani zaidi ya 78,000 na urefu wa mita 279, yaani imeipita Titanic kwa mita kumi. Inaonekana ndogo kwa sababu Icon ina mita 365 na karibu tani 249,000. Tani hizi si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli, na ndiyo maana inafaa kuzigawa kwa idadi ya watu: wakilala wawili wawili, Vision hubeba abiria wapatao 2,000 na Icon 5,610. Ukipiga hesabu utakuta kila abiria wa Icon ana nafasi kubwa kidogo kuliko wa Vision. Msongamano hutokea mahali fulani na saa fulani, kama vile milangoni mwa lifti baada ya onyesho kwisha, au gatini asubuhi watu wanaposhuka kwa pamoja.

Kinachozitofautisha hasa kwa mtu mwenye magoti kama ya mama ni kutembea. Katika meli ile ya zamani kulikuwa na ukumbi mmoja mkubwa katikati, na kila kitu kilianzia hapo. Kufikia siku ya pili wazee walikwenda chakulani bila kuuliza njia. Katika meli mpya nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya mfuko wa mashuka niliouacha nje ya chumba, amevua viatu, ameshika kadi yake ya mlango. Alitoka kwenye lifti akaelekea omo, yaani mbele ya meli, kumbe chumba chake kilikuwa tezi, nyuma kabisa. Tulitembea pamoja korido nzima, tukipumzika mara mbili.

Lakini meli za zamani nazo zina dosari zake, na hizo zilinifanya niwahurumie abiria wazee kila wiki. Vyumba ni vyembamba. Mlango wa bafu una kizingiti kinachofika juu ya kifundo cha mguu, na ukiamka usiku huku meli inayumba, hicho ndicho kinachoangusha watu. Meli yoyote mtakayoichagua, ombeni mapema chumba kilichotengwa kwa wenye shida ya viungo, ambacho bafu lake halina kizingiti na lina vyuma vya kushikia. Vyumba hivyo ni vichache na huisha upesi.

Kuhusu hofu ya mama, umri wa meli peke yake hauonyeshi usalama wake. Costa Concordia iliyogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, wakafa watu 32, ilikuwa haijatimiza miaka sita kazini. Spice Islander ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Katika meli hizi za kitalii kila abiria husajiliwa kwa kadi yake anapopanda na anaposhuka, na nafasi katika mashua za uokoaji na vyelezo vya dharura zimepangwa kwa hesabu ya wote waliomo. Pia kuanzia Oktoba 2010 kanuni za kimataifa zilizikataza meli za abiria kubaki na vifaa vinavyoshika moto katika muundo wake, na nyingi zilizokuwa kongwe kweli ziliondolewa kazini. Mweleze hivyo, na siku ya kwanza ukae naye kwenye mafunzo ya dharura umwonyeshe kituo chake kwa miguu.

Mpima_Mkondo

Ninakubaliana na Baharia, ila nadhani kwa safari hii njia ina uzito kuliko meli yenyewe. Meli inayotoka Baltimore hupita Ghuba ya Chesapeake kwa saa nyingi katika maji matulivu, kisha hutokea Atlantiki, na ikielekea Bahama hupita Cape Hatteras, rasi ya North Carolina. Hapo mkondo wa Gulf Stream unapanda kaskazini, na upepo wa kaskazini ukiupinga, mawimbi huwa mafupi na ya kusimama wima. Watu wa Pemba wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa na mtu: upepo na mkondo vikipingana, bahari huchafuka. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yake. Kutoka Miami mnaanza tayari mkiwa kwenye maji ya joto, na kesho yake mnaweza kuwa visiwani.

Meli ndefu na pana huyumba kidogo, ingawa ubavu mrefu wa meli mpya hushika upepo kama tanga. Zote mbili zina mapezi ya kupunguza mrama. Chumba kiwe katikati ya meli, sitaha za chini. Hilo litamsaidia mama kuliko dawa ya kichefuchefu.

Jambo la pembeni kidogo: Baltimore haipokei meli hizi kubwa mno kwa sababu ya madaraja. Daraja la Francis Scott Key, kabla halijagongwa na meli Dali na kuanguka Machi 26, 2024, lilikuwa na nafasi ya futi 185 hivi chini yake, na Daraja la Chesapeake Bay, ambalo bado lipo, lina nafasi kama hiyo. Wala msitarajie kwamba Vision itawafikisha kwenye vibandari vidogo. Kule Bermuda hufunga gati Dockyard, bandari ya meli kubwa za kitalii; mlango wa bandari ya St. George's ni mwembamba, unataka meli ndogo kweli kweli, zenye abiria mia kadhaa.

Mama_Wawili

Dada, huyo wa miaka 13 msikilize. Tulipanda meli ya zamani na kijana wa umri huo. Siku mbili za bahari tupu zilimchosha, akashinda chumbani na simu. Wa miaka 9 hakuwa na shida. Na hakikisheni viza ya mama inaruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja, kwa maana safari ikitoka nje ya nchi, kurudi kwake ni kuingia upya.

Mwana_Tanga

Nawashukuru sana. Viza ya mama inaruhusu, nimeitazama tena jana usiku. Tumeacha Desemba. Tutamsubirisha hadi likizo ya shule ya Aprili, bahari ikiwa imeanza kutulia, twende naye kwa ile ya Baltimore, safari ya Bermuda isiyofika siku saba. Binti yangu wa miaka 13 amekubali kwa sharti la kwenda na rafiki yake, na tunalizungumza hilo na wazazi wa mwenzake.

Mama nilimpigia baada ya Isha nikamsomea maneno ya Baharia yote, hadi yale ya mzee na mfuko wa mashuka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: meli ikigeuka geuka usiku kucha, kibla atakijuaje?

Baharia_wa_Likoni

Mwambie asiwe na wasiwasi. Katika meli zote nilizofanyia kazi, runinga ya chumbani ilikuwa na chaneli inayoonyesha ramani, mahali meli ilipo na nyuzi inazoelekea. Kutoka pwani hiyo kibla ni kaskazini mashariki. Atazame runinga kabla ya kutandika mswala, na anapohisi meli inageuka aitazame tena.